Reli Iliyofungwa Bila Kufa: Kampeni ya Kufufua Garimoshi Magharibi mwa Ayalandi

Utangulizi

Makala haya yananuia kueleza kisa cha njia moja ya garimoshi katika kisiwa cha Ayalandi, pamoja na watu ambao kwa zaidi ya miaka 40 wamekataa katakata isahaulike. Njia yenyewe inaanzia Limerick, mji ulio kando ya mto Shannon, na kuelekea kaskazini kupitia Ennis, Gort, Athenry, Tuam na Claremorris hadi Collooney, kijiji kilicho karibu na mji wa Sligo. Katika nyaraka za serikali huitwa Ukanda wa Reli wa Magharibi. Baadhi ya sehemu zake zina magarimoshi leo. Nyingine zimeota miti katikati ya mataruma.

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa Kiswahili ana haja gani na reli ya mashambani huko Ulaya? Majibu ni mawili. Kwanza, lugha inayodai kuwa ya kimataifa haina budi kuyasimulia mambo ya mataifa. Pili, kama itakavyobainika, sehemu kubwa ya mgogoro huu ilikuwa vita vya maneno: nini maana ya reli 'kufungwa', nini maana ya reli 'kuachwa', na nani mwenye haki ya kutamka kwamba eneo fulani la nchi halina watu wa kutosha.

Usuli

Ikumbukwe kwamba Ayalandi nzima ilitawaliwa na Uingereza hadi mapema katika miaka ya 1920, na reli zake zilijengwa na kampuni za binafsi kwa idhini ya bunge la London. Ukanda huu haukujengwa kwa mpango mmoja. Uliungwaungwa. Kipande cha Limerick hadi Ennis kilifunguliwa mwaka 1859, cha Athenry hadi Tuam mwaka 1860, na pengo la Ennis hadi Athenry likazibwa mwaka 1869. Ilipita robo karne kabla ya reli kusogea kutoka Tuam hadi Claremorris mwaka 1894, kisha ikafika Collooney mwaka 1895. Huo ulikuwa mwaka mmoja tu kabla ya reli kuanza kutandikwa kutoka Mombasa kuelekea bara. Kwa kupitia tu, John Henry Patterson, aliyesimamia ujenzi wa daraja la Tsavo mwaka 1898 na kuwaua simba wala watu waliotia hofu pale, alikuwa mzaliwa wa Ayalandi.

Eneo ambalo reli hii ililipitia lilikuwa limejeruhiwa vibaya. Baa la njaa lililoanza mwaka 1845, viazi vilipooza mashambani, liliua watu wapatao milioni moja na kuwasukuma wengine wapatao milioni moja kuhama kisiwa hicho. Uhamiaji haukukoma njaa ilipokoma. Kaunti ya Mayo, ambamo Claremorris imo, ilikuwa na watu karibu 389,000 katika sensa ya mwaka 1841. Kufikia mwaka 1971 walikuwa wamesalia kama 110,000, na sensa ya mwaka 2022 iliwapata kama 138,000. Msomaji azishike takwimu hizi, kwani ndizo ufunguo wa mjadala wote unaofuata. Anayesema kwamba magharibi haina watu wa kujaza mabehewa anasema kweli. Anayejibu kwamba watu hao hawakutoweka kwa hiari yao anasema kweli pia.

Ili kuelewa thamani ya njia hii, mtu autazame mkono wake wa kulia na kudhani kwamba kiganja ni Dublin, mji mkuu ulio pwani ya mashariki. Vidole ni reli zinazotoka Dublin: kimoja kinakwenda Limerick, kingine Galway kupitia Athenry, kingine Westport kupitia Claremorris, na kingine Sligo kupitia Collooney. Ukanda wa Magharibi ndio uzi uliovifunga vidole hivyo karibu na ncha. Uzi ukikatwa, kila kidole hubaki na kiganja tu. Ndiyo maana hadi leo abiria aliyeko Claremorris akitaka kwenda Galway kwa garimoshi hana budi kusafiri kuelekea mashariki hadi Athlone, katikati ya nchi, abadilishe garimoshi, kisha arudi tena magharibi. Kwa kupitia Tuam, kutoka Claremorris hadi Athenry ni kilomita 50 na ushei tu.

Namna reli inavyofungwa

Mtandao wa reli wa kisiwa hicho ulifikia upeo wake karibu na mwaka 1920, ukiwa na kilomita zipatazo 5,500. Leo haufiki nusu ya hizo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, magari ya mizigo na motokaa za watu binafsi yaliinyang'anya reli wateja wake, na shirika la usafiri la taifa, CIÉ, lililoundwa mwaka 1945, lilikuwa likipata hasara mwaka baada ya mwaka. Todd Andrews alipokuwa mwenyekiti wake kuanzia mwaka 1958, njia nyingi zilifungwa, baadhi zikang'olewa upesi mno. Mfano unaotajwa sana ni ule wa Harcourt Street mjini Dublin, uliofungwa mwishoni mwa mwaka 1958. Mwaka 2004 serikali ililazimika kujenga tramu, kwa fedha nyingi, juu ya sehemu kubwa ya mkondo uleule.

Upande wa magharibi, garimoshi la abiria kati ya Claremorris na Collooney lilikomeshwa mwaka 1963, na la mizigo mwaka 1975. Wenyeji walikuwa wamekibandika kipande hicho jina la Burma Road, yaani barabara ya Burma, wakikumbuka ile barabara ngumu ya milimani iliyosifika wakati wa vita kule Asia. Mwezi Aprili 1976 garimoshi la abiria kati ya Limerick na Claremorris nalo likasimamishwa. Mizigo iliendelea kupita katika baadhi ya sehemu hadi mwanzoni mwa karne hii, kisha kimya.

Aghalabu njia ya mashambani haifungwi kwa pigo moja. Kwanza idadi ya safari hupunguzwa. Abiria anayeona kwamba garimoshi lipo asubuhi na jioni tu hununua gari, au humwomba jirani lifti. Abiria wakipungua, ukarabati huahirishwa, na reli isiyokarabatiwa hupunguziwa kasi kwa ajili ya usalama. Safari ikichukua muda mrefu kuliko basi, abiria waliosalia nao huondoka. Mwishowe mhasibu huja na hesabu isiyopingika: njia hii haina wateja. Hesabu hiyo ni sahihi kwa siku ile iliyoandikwa. Kile isichokieleza ni jinsi siku hiyo ilivyofikiwa.

Hapa ndipo lile suala la maneno linapojitokeza. Reli ya magharibi ilifungwa, lakini haikuachwa. Tofauti hii si ya kifalsafa bali ni ya kisheria na kimwili. Reli iliyoachwa rasmi hung'olewa vyuma vyake, kokoto zikauzwa, madaraja yakabomolewa, na ardhi ikagawiwa wakulima wa pande zote mbili. Baada ya miaka kumi haiwezi kurudishwa ila kwa kununua upya kila shamba. Reli iliyofungwa tu hubaki mali ya shirika. Vyuma vinaota kutu mahali pake, miti inamea, ng'ombe wanavuka wapendavyo, lakini mkondo upo. Mafanikio makubwa ya kwanza ya wanakampeni wa magharibi, nayo hayakupigiwa picha wala kukatiwa utepe, yalikuwa kuhakikisha kwamba vyuma havikung'olewa.

Watu na mbinu zao

Aliyetambulika zaidi katika miaka ya mwanzo ni Micheál Mac Gréil, kasisi Mjesuiti na mwanasosholojia, ambaye jina lake katika taaluma lilitokana na tafiti zake kuhusu chuki na ubaguzi katika jamii ya Waayalandi. Alifariki mwezi Januari 2023. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 alishiriki katika kamati ya watu wa kaunti mbalimbali waliotetea reli hii, wakati ambapo kuitetea kulionekana kama mzaha. Msomaji asishangae kwamba kasisi ndiye aliyesimama mbele. Mashambani mwa Ayalandi ya siku zile kasisi alikuwa na mambo mawili ambayo mkulima wa kawaida hakuwa nayo: wakati wa kuhudhuria mikutano, na sauti ambayo waziri hakuthubutu kuipuuza hadharani. James Horan, paroko wa Knock katika kaunti hiyohiyo ya Mayo, alikuwa amefanya jambo lililodhaniwa kuwa wazimu zaidi, akakijenga kiwanja cha ndege juu ya kilima chenye matope na ukungu, nacho kikafunguliwa mwaka 1986 na kinatumika hadi sasa. Baada ya Knock, ilikuwa vigumu kumwambia mtu wa magharibi kwamba jambo fulani haliwezekani.

Mwaka 2003 kulizaliwa chama kilichoipa kampeni sura mpya, West on Track. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno unaostahili kuangaliwa na wanafunzi wa isimu. Kwa Kiingereza, kitu kilicho kwenye reli ni kitu kinachokwenda kama kilivyopangwa. Kwa hiyo jina hilo linasema kwamba magharibi iko juu ya reli na pia kwamba mambo yake yameanza kunyooka. Aidha, walizoea kuliandika kwa kutia alama ya usawa, ile yenye mistari miwili sambamba, kati ya maneno, hata jicho likaona vipande vya reli. Kwa upande wa lugha ya Kiayalandi, shirika la reli huitwa Iarnród Éireann, ambalo sehemu yake ya kwanza imeundwa kwa neno la 'chuma' na neno la 'barabara'. Sisi tuliliita gari kwa moshi wake. Wao waliitaja njia kwa chuma chake.

Chama hicho hakikutegemea maandamano. Kilifanya kazi ya kuchosha ya kuyaendea mabaraza ya kaunti moja moja, vyama vya wafanyabiashara, maaskofu na wabunge wa vyama vyote, hadi ikawa vigumu kumpata mwanasiasa wa eneo hilo aliye tayari kusema hapana. Hatimaye serikali iliunda jopo la wataalamu chini ya uenyekiti wa Pat McCann, mtu wa biashara ya hoteli, na jopo hilo likatoa ripoti mwaka 2005. Lilipendekeza njia ifufuliwe kwa awamu, na mpango wa taifa wa usafiri uliotangazwa mwezi Novemba mwaka huo ukaikubali hoja hiyo: kwanza Ennis hadi Athenry, kisha Tuam, kisha Claremorris. Sehemu ya kaskazini, kutoka Claremorris hadi Collooney, ingehifadhiwa tu.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kugawa kazi kwa awamu kulikuwa ndiko kushinda na ndiko kushindwa kwa pamoja. Bila mgawanyo huo pengine hakuna hata kilomita moja ambayo ingefunguliwa. Lakini ahadi ya awamu ya pili hutegemea hali ya hazina siku awamu ya kwanza inapokamilika, na hakuna aliyejua wakati huo kwamba benki za Ayalandi zingeporomoka mwaka 2008.

Mwaka 2010 na yaliyofuata

Kipande cha Ennis hadi Athenry kilifunguliwa tena mwezi Machi 2010, kwa gharama ya zaidi ya yuro milioni 100, na garimoshi likaanza kwenda moja kwa moja kati ya Limerick na Galway. Stesheni za Gort, Ardrahan na Craughwell, ambazo hazikuwa zimepokea huduma ya kila siku ya abiria tangu mwaka 1976, zikapata majukwaa mapya. Mwishoni mwa mwaka huohuo nchi ilikuwa ikipokea mkopo wa kuokolewa kutoka Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa. Awamu za Tuam na Claremorris zikawekwa kando.

Miaka ya kwanza haikuwa ya kujivunia. Abiria walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa, na magazeti ya Dublin hayakukawia kuicheka. Ni haki kueleza sababu. Njia ni ya reli moja, ina makutano mengi na barabara, na safari ilichukua karibu saa mbili kamili huku barabara kuu mpya ikijengwa kandokando yake; ile ya Gort hadi Tuam ilifunguliwa mwaka 2017. Stesheni ya Oranmore, karibu na Galway, ambako watu wengi hufanya kazi mjini, haikufunguliwa hadi mwaka 2013. Zaidi ya hayo kuna Ballycar, mahali kati ya Limerick na Ennis ambapo maji hufurika baada ya mvua kubwa na kuifunika reli. Garimoshi limewahi kusimamishwa hapo kwa wiki nyingi, nalo basi likawabeba abiria. Abiria aliyepoteza imani wakati wa mafuriko harudi maji yanapokauka.

Pamoja na hayo, idadi ilipanda pole pole kadiri safari zilivyoongezwa na nauli kupunguzwa, na kufikia mwisho wa mwongo huo waliokuwa wakiibeza walikuwa wamepunguza sauti. Mfano wa Midleton, karibu na Cork, ulisaidia: njia hiyo iliyopoteza abiria mwaka 1963 ilirudishwa mwaka 2009, ikapendwa kiasi cha kuhitaji reli ya pili. Hata hivyo Midleton iko jirani na mji mkubwa, na si sawa kuitumia kama kipimo cha Tuam.

Reli au baiskeli?

Mpinzani mkali zaidi wa kampeni hakutoka serikalini. Alitoka miongoni mwa majirani. Kati ya mwaka 2010 na 2011 baraza la Mayo lilikamilisha njia ya baiskeli na miguu ya kilomita zaidi ya 40 kutoka Westport hadi Achill, juu ya mkondo wa reli iliyofungwa mwaka 1937. Watalii walimiminika. Mikahawa na maduka ya kukodisha baiskeli yakafunguliwa katika vijiji vilivyokuwa vimesinzia. Ndipo watu wa Tuam na Athenry wakaanza kuuliza: kwa nini tuendelee kuitazama kutu wakati tunaweza kuwa na kitu kama kile? Wakaunda kampeni yao, wakiipa njia waliyoitaka jina la filamu ya John Ford ya mwaka 1952, The Quiet Man, ambayo sehemu yake ilipigwa katika stesheni ya Ballyglunin, kusini mwa Tuam.

Hoja zao si za kupuuzwa. Mtoto aliyeliona garimoshi la mwisho la abiria Tuam mwaka 1976 leo ni mzee. Ameahidiwa mwaka 2005, ameahidiwa tena, na bado hajaona kitu. Njia ya baiskeli hujengwa kwa sehemu ndogo ya gharama ya reli, na hulinda ardhi isinyakuliwe na wenye mashamba ya jirani. Wanasema kwamba siku reli itakapohitajika, njia itaondolewa.

Ni katika hoja hii ya mwisho ambapo wanakampeni wa reli walikataa kulegea, na mwandishi anadhani walikuwa na macho. Kwenye karatasi, njia ya baiskeli juu ya reli ni ya muda. Katika siasa, ni nani atakayewaondoa watoto na wazee kwenye njia yao ya matembezi ili apitishe magarimoshi ya mbao? Reli yenye kutu ni deni lisilolipwa, na watu hukumbuka deni. Njia nzuri ya baiskeli ni deni lililofutwa kwa zawadi. Lakini hoja hiyo ina uzito kwa kipande cha Athenry hadi Claremorris, ambako tumaini la garimoshi ni la kweli. Kwa kipande cha kaskazini, ni ngumu zaidi kuitetea.

Mahesabu

Mwezi Januari 2021 serikali ilichapisha tathmini iliyosema kwamba kuirudisha reli kutoka Athenry hadi Claremorris hakungelipa. Wanakampeni nao walileta uchambuzi wa mwanauchumi John Bradley, ulioupinga msimamo huo. Wasomaji wengi huona mabishano ya namna hii kama ushindani wa wasomi wa kukodishwa. Ukweli ni kwamba pande zote mbili zilijumlisha sawasawa, ila hazikuuliza swali moja. Tathmini ya kawaida huhesabu dakika zinazookolewa na kuzizidisha kwa idadi ya watu wanaoziokoa. Kwa kanuni hiyo, dola ya kodi hukimbilia daima palipo na msongamano, na Dublin hushinda hata kabla kalamu haijashikwa. Eneo lililopoteza theluthi mbili ya watu wake haliwezi kushinda mtihani ambao alama zake ni watu. Bradley na wenzake walitaka iulizwe pia: eneo hili litakuwaje likiendelea kukosa? Swali hilo halikuwa la hisia tu, kwani mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulikuwa umelishusha daraja eneo la kaskazini na magharibi mwa nchi, kutoka kundi la maeneo yaliyoendelea hadi lile la maeneo ya mpito.

Hoja iliyobadilisha mambo, kwa maoni yetu, haikuwa ya abiria bali ya mizigo. Magarimoshi ya makontena na magogo hutoka Mayo kwenda bandari ya Waterford, kusini-mashariki, na hulazimika kupita kwenye reli zilezile za kuelekea Dublin ambazo abiria wanazigombania. Kukiwa na reli kati ya Claremorris na Athenry, mizigo hiyo ingeteremka moja kwa moja kupitia Limerick. Magogo hayajali kama safari imechukua saa moja zaidi. Katika zama hizi ambapo kila serikali ya Ulaya imeahidi kupunguza hewa ya ukaa, garimoshi moja la magogo ni hoja nzito kuliko mabehewa mawili ya abiria.

Serikali za Dublin na Belfast zilikuwa zimeagiza mapitio ya pamoja ya reli za kisiwa kizima. Rasimu yake ilitoka mwezi Julai 2023 na ripoti kamili mwezi Julai 2024. Ilipendekeza kipande cha Athenry hadi Claremorris kirudishwe. Kipande cha Claremorris hadi Collooney, ile Burma Road yenye kilomita zaidi ya 70, hakikuingizwa miongoni mwa njia za kufufuliwa.

Pendekezo si bajeti, na wanaomkumbuka mwaka 2005 hawahitaji kukumbushwa hilo. Vyuma vilivyowekwa zama za mvuke haviwezi kubeba garimoshi la leo. Itabidi kila kitu king'olewe na kutandikwa upya, kuanzia kokoto hadi taa za ishara, na makutano na barabara yafungwe au yajengewe madaraja. Na kaskazini mwa Claremorris swali ni tofauti kabisa. Wanaotaka njia ya baiskeli huko sasa wana ripoti mkononi. Wanaotaka reli wana mkondo ambao bado ni mali ya umma, na kumbukumbu kwamba hata kipande cha Gort kilikuwa kimekatiwa tamaa kwa miaka 34.